Nilivyokwenda Kumfumania Mke Wangu kwa Mkandaji

Mimi niliyeanza na kuuza tumbaku ya kunusa stesheni ya Lembeni hadi nikamiliki mashine ya kusaga (na darasa la pili sikulimaliza), nilikuwa nikijisifu kwamba hakuna jambo duniani la kunishangaza, na aibu ninayoisimulia hapa niliitafuta mwenyewe kwa miguu yangu.

Ilikuwa mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Mke wangu, Nakunja, akawa anatoka kila Alhamisi mchana, haagi, na akirudi anaimba. Mwanamke ambaye tangu tuhame hataki hata nimguse bega, leo anaimba. Mtu mwenye akili zake anajumlisha.

Basi Alhamisi moja nikamfuata hadi nyumba moja ya bati nyuma ya kanisa, nikatega sikio dirishani, nikasikia mtu ananong'ona: "Legea. Usibane pumzi. Iachie itoke." Halafu Nakunja akaguna. Ningeingia peke yangu yangeishia pale, lakini mimi mtu wa utaratibu, nikajiambia fumanizi bila shahidi ni porojo, nikamwita balozi wa nyumba kumi, akaja na daftari lake, na nyuma yake wakaja walevi wote wa kilabuni.

Nikaupiga mlango teke.

Nakunja alikuwa amelala mkekani, khanga zake mwilini, mkunga mmoja mzee kamwekea mikono mbavuni, na anayemkanda nyayo ni mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima hata njiani nilikuwa nampisha.

"Shikamoo, mama," nikasema, mguu bado uko juu. Mama mkwe akajifunika uso kwa khanga.

"Mwoneni Nakunja anavyotetemeka," mkunga akasema. "Waliokuja kuwahamisha waliupiga mlango hivihivi, naye ana mtoto mgongoni. Akamwita mumewe. Mumewe alikuwa wapi?"

Nilikuwa naokoa mashine yangu isiibwe, kijiji kizima kinajua.

"Hofu imemkaa mwilini," mkunga akaendelea, "maneno hayaitoi. Inatoka kwa mkono na pumzi, kidogo kidogo. Leo umeirudisha yote."

Balozi akafungua daftari, akanigeukia. "Baba Elia, niandike nini?"

"Andika kamfumania mkwewe," mlevi mmoja akajibu.

Nakunja hakucheka. Akajifunga khanga, akasema, "Mama, twende nyumbani." Nyumbani kwao, Bombo, si kwangu.

Miezi miwili nilipanda mlima kumwomba. Wazee wakanitoza faini, na yeye akaweka sharti lake: kila Alhamisi nikae mkekani ubavuni mwake, nikandwe na mimi. Nilikwenda nikiwa na shaka tele (na mpaka leo mkono wa yule mkunga siuamini, uliponibonyeza chini ya bega machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la unga). Lakini Nakunja akacheka, akaniegemea.

Siku hizi nikifika mlangoni, hata kwangu, napiga hodi mara tatu. Beberu wa wazee, blanketi la baba mkwe, doti ya khanga ya mama mkwe, nauli za kwenda kuomba na mlango mpya wa mkunga: jumla shilingi mia mbili na kumi na saba, na senti hamsini.