Barua ya Kutazama Mbayuwayu

Jumanne mchana, pale Nakivubo, niliinua darubini kutazama mbayuwayu wanaotukimbilia kila baridi ya Ulaya inapowabana. Walikuwa wamejaa kwenye waya juu ya benki. Sijahesabu hata kumi, askari akanishika bega.

“Wewe napima benki ya watu?”

“Natazama mbayuwayu, afande. Wametoka Ulaya.”

“Barua ya LC iko wapi?”

Barua ya mwenyekiti wa mtaa, jamani, ya kutazama juu! Akaninyang'anya darubini eti ahakikishe. Akahakikisha robo saa nzima, akamwita na mwenzake. “Kweli, iko mingi!” Aliponirudishia, waya ulikuwa mtupu.

Mbayuwayu wamevuka mipaka yote hiyo bila kuulizwa kitu. Mimi nimetoka Bugolobi tu, mtaa wa jiji hilihili, nimekwama kwa kukosa mhuri.