Kiti cha Mbele, Siku ya Kwenda Qurayyat

Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, anakaa nasi hapa Mabela kwa ajili ya masomo yake. Akishika simu kuzungumza na wenzake huanza Kiarabu, akapita kwenye Kiswahili, akamalizia Kiingereza. Kiingereza changu mie ni cha dukani, lakini kiti nakijua na nyuma naijua, na maneno hayo mawili nikiyasikia kila mara. Nikamuuliza, "Hicho kiti cha nyuma unachokitaja ni cha nani?"

Akacheka. "Si kiti cha kukalia, bibi. Mtu akiwa ndiye yeye kwa kila jambo, kisha akawaachia wengine, Waingereza wanasema kakaa kiti cha nyuma. Hata jambo huambiwa hivyo. Mie mitihani ikifika, harusi za watu zinakaa kiti cha nyuma."

"Na simu?"

"Simu haikai nyuma, bibi."

Tangu hapo nikawa natega sikio. Jirani aliyestaafu akamwachia mwanawe duka, kakaa kiti cha nyuma. Mjukuu wangu mwenyewe alipotaka kupungua mwili, mkate wa kumimina nao ukakaa kiti cha nyuma, ingawa asubuhi nilikuta sahani imebaki mafuta matupu. Nikawaza, hawa Waingereza wameona nini? Pale Qurum, kwenye mahoteli, wakubwa wote wanateremka kutoka nyuma ya gari, anayekaa mbele ni dereva.

Lakini kwetu kiti cha mkubwa ni cha mbele, nisiseme uongo. Mama wa mume akiwemo garini, mke hakai mbele. Hakuna anayekufundisha, unalikuta hivyo. Mie nna kiti changu ubavuni mwa mwanangu wa kiume anayeendesha, na nakipenda khasa. Ubaridi wa AC unanipiga magotini, naona nani kajenga na nani kapaka rangi mbaya, na mwanangu namwambia wapi akate kulia hata kwa njia ya kazini kwake, mahali ambapo mie sijapata kufika.

Sasa mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu, akachukua mimba. Njia ya Qurayyat ina kona zake milimani, na safari moja alichafukwa na roho huko nyuma, tukasimama pembeni akatapika. Akajifuta, akasema, "Si kitu, mama, joto tu hili," akarudi palepale nyuma. Nilimhurumia, na kiti bado nakitaka. Nikaenda na mawili hayo moyoni mpaka Idi.

Idi pili tukawa tunakwenda kwa dada yangu, Qurayyat. Nikatangulia garini, nikajiingiza nyuma, nikafunga mlango.

Mkwe wangu akaja, akanifungulia ule wa mbele kama siku zote. Haoni mtu.

"Mama, umekosea mlango."

"Sikukosea. Kaa mbele wewe, upate upepo."

"Wallahi mie sikai mbele na wewe uko nyuma!"

"Na mie wallahi sitoki hapa!"

Basi, viapo vimeshatoka. Akazunguka, akaingia nyuma ubavuni mwangu. Mwanangu kashika usukani anatutizama kwenye kioo. "Sasa nani anakaa na mimi?"

Mjukuu wangu akatokea na sufuria la pilau. Mjomba wake akamwita mbele. "Mie mbele na bibi yangu nyuma? Watu wa Qurayyat watanisema mpaka niolewe!" Akaliweka sufuria kitini, naye akajisukuma kwetu, tukabanana watatu. Gari likaanza kulia, linataka abiria wa mbele afunge mkanda. Mwanangu akalifunga mkanda sufuria.

"Leo nimekuwa dereva wa pilau," akasema, tukaondoka.

Kwenye kona za mwanzo nikaushika mkono wa mkwe wangu, umepoa. Nikampa ndimu anuse, nikamwambia atizame njia. Na njia ilionekana! Mbele yetu hapana kichwa cha mtu, ubaridi wote unapita juu ya sufuria unatufikia sisi. Rangi ikamrudi. Akaanza kunisimulia namna mwanangu anavyomkimbia mende, anapanda juu ya kitanda na kanzu kaipandisha. Miaka yote nilikaa ubavuni mwake nikatizama nyumba za watu, na hilo silijui! Tulicheka mpaka mjukuu akasema tumemvunja mbavu.

Tulipofika, dada yangu akatoka mbio, akafungua mlango wa mbele mikono kaitanua, akakutana na sufuria.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Niko huku, na mkweo."

Akachungulia nyuma. "Wameshakushusha cheo?"

"Nimeshuka mwenyewe. Toa pilau, watu wana njaa."

Alasiri, wakati wa kuondoka, sufuria likaoshwa likatiwa kwenye buti. Mkwe wangu akanifungulia tena mlango wa mbele. Nikautizama, na ubaridi ule wa magotini nikaukumbuka. "Ingia wewe," nikamwambia. Akatikisa kichwa, mkaidi kama mie. Nikamwita mjukuu wangu, nikamuapia yeye kabla hajaniapia mimi: wallahi utakaa mbele. Akaenda kanuna.

Mie na mkwe wangu tukajinafasi nyuma. "Haya," nikamwambia, "siku ya posa yenu mwanangu alinificha nini?"

"Mama!" mwanangu akaita kutoka mbele. "Mnazungumza nini huko?"

"Tizama njia," nikamjibu, na mkwe wangu akaanza kunihadithia.