Mvua ya Mwezi wa Nane

Sogea karibu, maana habari hii nikiisema kwa sauti kubwa naona aibu. Juzi mjukuu wangu, huyu wa kike anayesoma chuo hapa Dodoma, ambaye nakaa naye mtaa wa Kikuyu, alirudi na kitabu kikubwa kama sinia la pilau. Kakiazima maktaba. Mimi nilikuwa natwanga karanga za kutia kwenye mlenda. Akaniambia, "Bibi, hebu weka mchi uje uone kwenu."

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikatazama. Loo! Miamba ya kwetu Kondoa! Ile michoro myekundu ya watu wa zamani, twiga, pofu wale swala wakubwa, watu warefu kama mabua ya uwele. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikawa nasema huyu namjua, na huyu namjua, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi. Mjukuu wangu akafunua ukurasa mwingine. Akachukua mkono wangu wa kulia akauweka juu ya kitabu.

"Bibi, huyu mwanamke wa kale kidole chake cha mwisho kimepinda kama chako."

Kicheko kikanikauka. Maana kidole kile kilikuwa changu mwenyewe.

Sasa ngoja nianzie mbali, usinikimbize. Mimi nililelewa na bibi yangu, chini ya vilima vile vyenye michoro. Shule niliishia darasa la pili, lakini kusugua vyungu nilikuwa profesa. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Jivu, maji kidogo, na majani makavu ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Ukisugua vizuri, chungu kinalia "kwii, kwii", bibi akisikia huko ndani anajua mtoto anafanya kazi. Kidole chenyewe nilikiponda kwenye jiwe la kusagia uwele. Bibi akakifunga na kijiti, kikaunga upande. Na bibi alikuwa na usemi wake, sijawahi kuusikia kwa mtu mwingine: "Kitu cha mgeni hakirudi na masizi." Jirani akileta chakula kwenye bakuli, bakuli lake linarudi linang'aa. Hiyo ndiyo adabu niliyofundishwa, na hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mgeni alikuja kiangazi. Mwanamke wa Kizungu, mrefu, kofia ya ukindu, miwani imefungwa kamba. Mumewe alikuwa fundi wa kuchimba visima, akamshusha na gari kwetu, akaenda zake kutafuta maji. Mama yule akampa bibi mkono, akajigonga kifuani, akasema, "Mimi Mcheki."

Bibi akanigeukia. "Anasema yeye ni mcheka? Mbona hacheki?"

Basi jina likamkaa. Mama Mcheka. Kijiji kizima kikamwita hivyo, na yeye akaitika, na sisi tukasubiri acheke. Tulisubiri sana.

Kumbe watu wa kwao huko Ulaya ndio wanaitwa hivyo, na kazi yake ilikuwa kusoma picha za kale na kuziandikia vitabu. Sisi tulishangaa. Picha inasomwaje? Alikuwa anaweka karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu mbele ya mwamba, anafuata mstari kwa penseli, taratibu, mpaka mguu wa pofu umehamia kwenye karatasi. Bibi alikuwa ananituma nimpelekee ugali wa uwele na mlenda. Mlenda ukimteleza vidoleni, anaufuata kwa mdomo, mimi najifunika uso nisicheke.

Akishashiba alinisimulia. Kiswahili chake kilikuwa vipandevipande, nikawa naviokota. Alizaliwa mji wa mawe, wenye kanisa la zamani. Alipokuwa msichana alipewa kazi ya kukwangua chokaa kwenye kuta za kanisa, maana chini ya chokaa kulikuwa na picha watu walizozifunika. Siku aliyoona jicho linamtazama kutoka ukutani, alisema, hapo ndipo alipoolewa na picha. Akaandika kitabu, akawa mwalimu wa wakubwa. Kisha wenye nchi yao hawakupenda alichoandika. Wakamwondoa kazini. Jina lake likafutwa kwenye vitabu vyake mwenyewe, akapewa kazi ya kuosha madirisha. "Mimi naosha kioo," aliniambia, akizungusha mkono hewani kama ameshika tambara, "na jina langu, kwisha. Safi."

Hilo neno "safi" ndilo alilolijua kuliko yote. Chai safi. Watu safi. Mawingu safi. Likimpendeza jambo, safi. Likimuudhi, safi vilevile, ila kwa sauti nyingine. Mimi mtoto ningejuaje?

Pale mwambani kulikuwa na mlinzi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mtu mpole, mfuga nyuki, kila akirina ananikatia kipande cha sega nitafune mpaka nta. Kazi yake kufukuza mbuzi na watoto watundu. Alikuwa anasema, "Picha haishikwi, inasalimiwa." Na kweli, asubuhi tulikuwa tunasimama mbele ya mwamba tunasema shikamoo, yeye anaitikia kwa niaba yao, "Marahaba, watoto wazuri." Binti yake ndiye alikuwa mwenzangu. Tulikuwa tunalala mkeka mmoja.

Kati ya michoro yote, mmoja tulimwita Shangazi. Mwanamke mwekundu, nywele zimetuna, mkono mmoja juu. Kwa jinsi alivyouinua ungesema anakuona unacheza anataka kukutuma dukani. Lakini Shangazi alikuwa amefifia, na juu yake kulikuwa na weusi na mavi ya ndege. Mama Mcheka alimpenda kuliko wote, akamweka wa mwisho. Alhamisi moja alimkodolea macho mpaka akavua miwani. "Chafu," akasema. "Sioni. Kesho, baada ya chakula, mimi nachora huyu. Nataka safi. Safi sana!"

Umeshaelewa, sivyo? Usinicheke.

Ijumaa adhuhuri wanaume walikwenda msikitini, na mlinzi naye. Bibi alikuwa shamba anaanika mabua. Mimi nikapanda na kibuyu cha maji, jivu kwenye kifuu, na majani ya msasa, nikasema leo mgeni atafurahi, leo Mama Mcheka atacheka. Nikapanda juu ya jiwe. Nikamsugua Shangazi. Nilianza na nywele. Weusi ukatoka, nikafurahi, nikaongeza jivu. Mwamba ukalia kwii, kwii. Nikasugua uso, nikasugua mkono ule, nikashuka mpaka kiunoni. Kisha nikarudi nyuma nimwone alivyong'aa.

Jiwe tupu, jamani. Safi kama chungu kipya. Na chini, miguu miwili myekundu imesimama, haina mwenyewe.

Sikukimbia. Miguu yangu nayo ilikuwa kama ile. Nilikuwa bado nimesimama pale Mama Mcheka alipofika na karatasi zake. Majani nimeyatupa, kibuyu kimelala miguuni. Alitazama mwamba. Akakaa chini kama mtu aliyekatwa mguu. Hakulia, hakunigombeza. Akanivuta mkono, akatazama kucha zangu. Zilikuwa nyekundu. Akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akaninawisha, kidole kimoja kimoja, na hiki kilichopinda, mpaka wekundu ukaisha.

Mlinzi akatokea, bado ana kanzu na kofia ya msikitini. Akapiga yowe. "Nani? Nani kafanya hivi?"

"Mvua," akasema Mama Mcheka.

Mlinzi akatazama juu. Mbingu ilikuwa kavu kama ngozi ya ngoma. "Mvua, mama? Mwezi wa nane huu!"

"Mvua," akasema tena, kwa nguvu, na mkono wake begani kwangu. Mlinzi akanitazama. Akatazama kanga yangu iliyolowa.

Kisha mama yule akaniomba nisimame juu ya jiwe, mbele ya ile miguu. "Shangazi, mkono hivi? Au hivi?" Nikainua mkono, maana nani alimjua Shangazi kuliko mimi? Akachora mpaka jua likashuka, machozi yananitiririka, mkono umekufa ganzi, na yeye anasema polepole, "Safi. Safi." Baada ya siku chache mumewe akaja kumchukua. Hakuwahi kucheka.

Laiti ingeishia hapo. Wakubwa wa mlinzi walikuja, wakaambiwa ni mvua, wakacheka mpaka wakashikana mikono. Wakamwambia uliacha lindo, mbuzi au watoto wameharibu, na sasa unamsingizia Mungu. Wakamwondoa. Angeweza kunitaja, na hakunitaja. Na watu wetu unawajua, hawakosi jina la kumpachika mtu. Wakamwita Bwana Mvua. Akipita na mizinga yake, utasikia, "Bwana Mvua, mashamba yamekauka huku, tunyeshee basi!" Watoto wakamgeukia binti yake kisimani, "Binti Mvua, tujazie ndoo!"

Na mimi nilikuwemo. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Nilikuwa mmoja wao, tena nilipiga kelele kuliko wengine, nisije nikashukiwa. Mwenzangu alinitazama siku ile, akabeba ndoo yake tupu akarudi nyumbani. Mkeka hatukulala tena pamoja. Mlinzi aliendelea kuniletea sega. Nilikuwa nalipokea, halafu namtupia kuku. Nikaolewa Dodoma nikaondoka, na yeye akafa akiitwa hivyohivyo.

Haya, turudi kwenye kitabu. Mjukuu wangu akaweka simu juu ya maandishi, simu ikayageuza Kiswahili. Maajabu ya siku hizi! Akanisomea. Kumbe mwandishi ni Mama Mcheka. Alirudi kwao, mambo ya nchi yakabadilika, jina lake likarudishwa kwenye vitabu, akaandika vingine, akafundisha mpaka uzeeni, kafariki. Na chini ya picha ya Shangazi, yule mwenye kidole changu, kaandika kwamba sehemu ya juu ilifutwa na mvua, naye akaichora kwa kukumbuka na kwa msaada wa mkono wa rafiki. Mvua! Hata uzeeni, hata kwenye kitabu. Aliyefutwa jina lake kanificha mimi, na mlinzi ndiye kalowa.

Usingizi ulikatika. Wiki ile ile nikapanda basi la Kondoa.

Mwenzangu nilimkuta uani anapepeta ulezi. Mvi tupu, kama mimi. Tukasalimiana, akanipa kigoda, akanipa togwa. Nikashindwa kunywa. Nikamwambia yote, jivu, msasa, Ijumaa. Ungo haukusimama, anapepeta tu, makapi yanaruka. Nilipomaliza akauweka chini.

"Baba alijua," akasema.

"Alikwambia?"

"Alisema mtoto akitajwa ataitwa mfutaji mpaka afe, na yeye ameshaishi. Akanikataza kusema." Akaokota punje moja iliyoanguka. "Lakini kwa nini hukuja akiwa hai, wewe mwanamke? Alikuwa anauliza kila Idi. 'Yule binti wa jirani hajaja?'"

Nikainamisha kichwa. Akanywa togwa langu yeye mwenyewe, lote, akajifuta mdomo, akasema, "Inuka twende."

Tukapanda mlima, vikongwe wawili tunashikana. Siku hizi kuna kibao na mwongozaji, dada mmoja mwenye ushungi, mchangamfu. Hakuna tena mizinga, miti ya msasa imekatwa, na hakuna mtoto anayesema shikamoo kwa mwamba. Ile miguu miwili ipo. Dada akainyooshea kijiti. "Na hapa, mabibi, alikuwepo mtu mzima, ila mvua ilimfuta kuanzia kiunoni."

Mwenzangu akanigeukia. Alisubiri tu.

"Si mvua," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto. "Ni mimi. Nilimsugua kwa jivu. Na mlinzi alikuwa msikitini anaswali, hakuacha kazi yake hata siku moja. Huyu hapa ni binti yake. Uwaambie hivyo watakaokuja."

Dada akacheka kwanza, akidhani bibi anatania. Akatutazama usoni, akaacha. Akatoa daftari lake dogo. Akauliza kwa adabu, "Sasa bibi, huyo mtu alikuwaje?"

Nikasogea nyuma ya kamba waliyoweka, nikasimama sawasawa na ile miguu, nikainua mkono nimwonyeshe alivyokuwa akituita. Ukafika begani, ukagoma. Uzee. Nikajaribu tena, ukagoma palepale.

Ndipo mwenzangu akaja nyuma yangu, akanishika kiwiko, akausukuma juu taratibu, mpaka kile kidole kilichopinda kikafika mahali pake.

"Hapo," akasema. "Shikilia hapo, aandike."