Filamu Aliyoirudia Mama

Umeme unapokatika hapa Biharamulo, jirani yangu mwenye saluni huwasha jenereta, na moshi wa petroli huingia dirishani hadi kwenye cherehani yangu. Wateja hukohoa. Mimi huona aibu. Usinicheke, msomaji wangu. Nitakueleza kwa nini harufu ile hunifanya niinamishe kichwa kama mtu aliyekutwa akidokoa jikoni kwa watu.

Nilikulia Kasulo, wilayani Ngara, na petroli kwetu ilikuwa harufu ya Jumapili. Misa ikiisha, na ndizi na maharage vikishaliwa, watoto tulikimbilia banda la video la Baba Jeni. Lilikuwa banda la mabanzi, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani mabenchi na televisheni moja iliyopandishwa juu ya meza. Tulibanana humo na nguo zetu za kanisani, jasho likitutoka. Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta, kwa hiyo waigizaji walipayuka na bado nusu ya maneno hatukuyasikia.

Baba Jeni hakuwa na filamu nyingi. Moja ilikaa mpaka tukaichoka. Sisi watoto tulikuwa na msimamo wetu juu ya jambo hilo: filamu ukishaujua mwisho wake ni muwa uliokwisha kutafunwa, na anayeirudia anatafuna makapi. Tulisema hivyo, na Jumapili iliyofuata tulikuwa wa kwanza mlangoni, maana pengine pa kwenda hapakuwepo.

Ndipo ikaja filamu ya Rehema. Jina lake halisi nimelisahau. Rehema alikuwa mke aliyefiwa na kichanga chake. Alikaa mkekani akakataa kunyamaza, ingawa mawifi walimwambia inatosha. Baada ya hapo mume alioa mwingine, zikaja hirizi, ngumi na polisi, na hizo ndizo zilizotujaza bandani. Sehemu ya kilio sisi tuliitumia kutafuna karanga.

Mama yangu alikuja kuiona Jumapili moja na wanawake wa jumuiya. Walilia wote, wakapanguza macho kwa vitenge, wakatoka wakicheka machozi yao. Wenzake hawakurudi tena. Mama alirudi. Baba Jeni, ambaye alikuwa akiletewa ndizi mbivu kutoka shambani kwetu, alimpisha tu mlangoni. "Karibu Mama Skola, benchi lako lipo." Alikaa benchi la nyuma, peke yake, mikono mapajani kama yuko kanisani. Rehema alipoanza kulia, naye akaanza. Kilio cha mkekani kilipokwisha, alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akaenda zake nyumbani. Hirizi hakuziona, wala polisi.

Hapo ndipo nilipoingiwa na aibu. Mtu wa kurudia filamu tulimwelewa kidogo, lakini mtu wa kuirudia na kuondoka kabla haijanoga? Leokadia, niliyekaa naye dawati moja shuleni, alinichokoa ubavuni. "Skola, mama yako amekuja kulia tena." Mwingine akasema pengine Kiswahili kinampita, haelewi kwamba inaendelea. Nilicheka nao. Moyoni nilitamani ardhi ipasuke. Mama alikisikia Kiswahili vizuri tu, lakini sikumtetea.

Siku moja alipita kiasi. Mawifi walipomzunguka Rehema wakimwambia anyamaze, sauti ilitoka benchi la nyuma, ya juu kuliko jenereta. "Rira," mama alimwambia yule mwanamke wa kwenye kioo, neno ambalo kwa Kihangaza maana yake ni lia. "Rira, usiwasikilize hao." Banda zima liligeuka. Watu walicheka hadi mabenchi yakalia. Mimi nilikuwa benchi la mbele. Niligeuka kama wengine, nikamtazama kama wengine, kana kwamba namwona kwa mara ya kwanza. Macho yetu yalikutana. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, nami nilikula nikitazama sahani.

Nimekuwa mtu mzima nikiwa na jibu moja tu la jambo lile: mama alikuwa mshamba wa filamu. Nilimsimulia hata mume wangu, tukacheka.

Kisha nami nikajifungua mtoto wa kike hapa Biharamulo, akafariki kabla hajapewa jina. Katika ukoo wetu mtoto wa namna hiyo hawekewi matanga. Wanawake walikuja na uji na maneno. Kaza roho. Usilie, utafunga kizazi. Bado kijana, utapata mwingine. Nikakaza roho hadi ikawa ngumu kweli, nikawa namshukuru kila aliyeingia.

Mama alifika kutoka Kasulo na kikapu chake. "Shikamoo mama," nilisema, nikajaribu kutabasamu. "Marahaba." Alikaa kitandani kwangu.

"Wewe si wa kwanza wangu," alisema. "Wa kwanza alikuwa wa kiume. Walimzika mgombani mimi sijaweza kuinuka. Nikaambiwa nisilie, nikanyamaza. Mkaja ninyi, nikawa na kazi, nikaona nimesahau."

"Kumbe hukusahau."

"Ningelilia wapi, Skola? Nyumbani baba yako angeuliza. Kanisani padri angeuliza. Kwa Baba Jeni mtu analia, na hakuna anayemuuliza anamlilia nani."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nilikuwa nimeuandika usemi huo kwenye daftari la shule bila kuutafutia maana. Sisi tuliirudia filamu kuona yatakayotokea, ilhali tuliyajua. Mama aliirudia kwa sababu mle ndani mwanamke mmoja aliruhusiwa kukaa mkekani na kumlilia mtoto wake mpaka amalize. Na ile siku aliyothubutu kusema neno, mtoto wake aliye hai aligeuka akamtazama kama mgeni.

Nilianza kulia. Nilimlilia binti yangu, nikamlilia kaka nisiyemjua, na aibu ikaniliza kuliko vyote. Mama hakuninyamazisha. Aliinuka akafunga mlango, akavuta kigoda, akakaa akiwa ameuegemea. Wanawake walipopiga hodi na uji wao, aliwajibu kwa upole kwamba nimelala.