Kichwa Wazi Mbele ya Mukwe

Siku ya tatu kisha operesheni ya tumbo, Mama Annonciata wa Bihambwe alikuwa bado amefungwa mikono ku kitanda na vipande vya kitenge chake mwenyewe, maana alikuwa anang'oa sindano ya serumu. Kwake yeye pale hapakuwa hospitali. Ilikuwa kambi ya wapiganaji mu pori ya Walikale, na wale wa nguo nyeupe walikuwa wanangoja tu kumubebesha muzigo.

Mwanaume mumoja alikaa pale kila siku, amegeuzia kitanda mugongo.

"Mama, mbegu ya maharagi ulizika wapi?"

"Muulize mama yako!"

Yule alikuwa Hakorimana, mukwe wake. Mvua ya kupanda ilikuwa imeanza. Bibi yake Céline, binti ya huyu mama, alikuwa mu kambi ya wakimbizi ya Lushebere na watoto, mimba ya miezi minane, bila mbegu hata kikombe. Na shimo la mbegu, Annonciata peke yake njo alilijua. Alizika kule Bihambwe siku ya kukimbia wapiganaji, hakuambia muntu. Kwao mukwe haangalii mama-mukwe usoni, na mama-mukwe hamuonyeshi kichwa bila kitambaa, hata kufe nani. Lakini hapakuwa mwingine wa kulinda mugonjwa.

Docteur Marcellin alileta kamashini kadogo kama radio, ka pile za tochi, nyuzi mbili na sponji mbili za maji ya chumvi. Akafungua kitambaa cha kichwa cha mama.

"Ni umeme kidogo sana, Papa. Kisha operesheni wazee wengine wanapotea akili hivi. Wengine wanarudi peke yao. Hii tunajaribu tu, siwezi kukuapia."

"Itamuchoma?"

"Itamuwasha kidogo, kama upupu."

"Basi weka. Lakini mimi siangalii."

"Nani amekuomba uangalie?"

Annonciata akamuuma docteur kidole.

Siku ya saba, sponji zikiwa ku paji la uso, aliona fundo ya mukono wa kushoto. Jogoo za manjano: kitenge chake cha arusi ya Céline! Nani alithubutu kupasua? Kisha akaona musalaba ku ukuta. Kisha ule mugongo, na kiraka cha shati alichokishona yeye mwenyewe. Akili zilirudi moja moja, kama ng'ombe wanaingia zizini. Ya mwisho ilikuwa aibu: upepo ulipita mu mvi zake. Akafungua kinywa aitishe kitambaa.

"Akiniambia leo," Hakorimana alikuwa anasema, "kesho naenda Bihambwe."

"Wale wawili waliokwenda kule juma lililopita hawakurudi, Papa."

"Docteur, watoto hawali woga wangu."

Annonciata akafunga kinywa.

"Mama, unaitwa nani?" docteur akauliza.

"Muulize mama yako."

Docteur akashusha pumzi, akaandika. Hapo Hakorimana akashindwa kuvumilia. Kwa mara ya kwanza akageuka, akamuangalia mama-mukwe usoni, na kichwa kile wazi, cheupe kama pamba.

"Mama, nakuomba. Mbegu."

Annonciata hakuinamisha macho.

"Mbegu gani? Mimi sijawahi kushika jembe."

Mwanaume akafunika uso na mikono, akalia.

"Kesho tutaweka tena," docteur akasema.

Annonciata akaangalia zile jogoo za manjano.

"Basi fungeni vizuri," akasema. "Huu wa kushoto umelegea."