Kadi ya Ubatizo ya Exaucée

Tambwe alikuwa fundi wa nguo katika soko la Kindu, mashariki mwa Kongo, na waliomfahamu walisema maneno yake yote hupitia tundu la sindano: machache, tena kwa shida. Shule aliishia darasa la sita. Lakini mwaka ule binti yake Exaucée alipochaguliwa na chuo kikuu kwenda kusoma mwaka mmoja Ubelgiji, katika mpango wa kubadilishana wanafunzi, alionekana akikanyaga cherehani huku anacheka peke yake.

Alinunua blanketi zito la kijivu, akaanza kulikata koti. Baridi yenyewe hakuwahi kuiona. Hamadi, fundi mwenzake wa meza ya pili, alilivaa saa saba mchana, jasho likamtiririka mpaka kidevuni.

"Ndugu Tambwe, hii si koti, njo tanuru! Mutoto ataiva mbele ya kufika."

"Kule iko barafu," Tambwe akajibu, macho chini.

"Nani alikuambia?"

"Redio."

Hamadi akacheka mpaka wauza samaki wakageuka.

Jumanne iliyofuata Exaucée alikuja sokoni na orodha ya karatasi zinazotakiwa. Hakusalimu. Alikaa juu ya gunia la vitambaa.

"Papa, tuache. Wanataka mwanafunzi asiyefikisha miaka makumi mbili na tano. Kadi yangu inasema nilizaliwa Novemba tisini na tisa. Nimeshapita."

Mguu wa Tambwe ukasimama juu ya kanyagio. Yeye alijua kwamba binti yake ana miaka ishirini na miwili. Alijua, na mkewe Emerance alijua, na Hamadi alijua. Mwenyewe ndiye hakujua.

Mwaka wa elfu mbili na mbili, vita vilipouzingira mji, Tambwe na Emerance walikimbilia kijiji cha Tunda kwa miguu. Yeye alijitwika kichwa cha cherehani. Emerance alikuwa na mimba changa tumboni, na mgongoni alimbeba binti yao wa kwanza, mtoto wa miaka miwili na nusu. Jina lake Exaucée, yaani ombi lililosikiwa, kwa maana walikuwa wamemwomba Mungu miaka sita. Surua ilimkamata huko Tunda, ikammaliza kwa siku nne. Hamadi, ambaye alikimbia pamoja nao, alisaidia kuchimba kaburi kwa jembe la kuazima.

Emerance alipojifungua msichana, alimtazama usoni akasema, "Amerudi." Akampa jina lile lile. Kwao ndivyo ilivyo desturi: mtoto anayefuata msiba hulibeba jina, na yule wa kwanza hatajwi tena, asije akamwita mdogo wake kaburini. Hata matanga hawakuyakalia. Utamlilia vipi mtu aliyerudi?

Vita vilipotulia wakarudi Kindu. Siku ya kumwandikisha shule, mwalimu alitaka karatasi. Ndani ya kopo la maziwa, pamoja na sindano, ilikuwamo kadi ya ubatizo ya marehemu. Tambwe aliitoa. Wala hakuona kuwa anadanganya. Jina ni lile, baba ni yule, mama ni yule. Mwalimu alimtazama mtoto mdogo vile, akasoma kwamba ana miaka tisa, akauliza, "Huyu munamulisha nini, hewa?" Watu wakacheka. Tambwe naye akacheka, akaenda zake. Kuanzia hapo kila karatasi ilizaa nyingine, hadi diploma ya kumaliza sekondari. Na mtoto mwenyewe hakubatizwa kamwe, maana kadi ilisema amekwisha kubatizwa.

Jioni ya Jumanne ile Tambwe alimkuta Emerance anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alisimama karibu na kinu.

"Mama Exaucée, lazima tuseme."

Mchi haukusimama. "Tuseme nini?"

"Ya Tunda. Nikisema ile mbele ya korti, watamupa mutoto miaka yake ya kweli. Ataenda."

"Weye mutu unayeogopa hata kuuliza bei ya chumvi, utaenda kusema kwa korti?" Mchi ukagonga. "Alirudi, Tambwe. Ukimuzika mara ya pili, hatarudi tena."

Hata hivyo Tambwe alimwambia binti yake, nyuma ya nyumba, akitazama miguu yake mwenyewe. Exaucée alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi miye njo nani, papa?"

Tambwe alisema tu kwamba koti limebaki kutiwa vifungo.

Kortini alikwenda na Hamadi kama shahidi. Karani, mzee mmoja aitwaye Ismaël, alivua miwani.

"Miaka hii yote mulitumia karatasi ya mufu? Unajua mutu anaweza kufungwa?"

"Najua, muzee."

"Alikufa lini? Sema kwa nguvu, sisikii."

Watu walikuwa wamejaa ukumbini, kila mmoja na shida yake. Tambwe akafumba macho. "Exaucée alikufa mwezi wa nane, elfu mbili na mbili. Tunda. Alikuwa mutoto wangu." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasema. Hamadi alimshika kiwiko.

Siku kumi baadaye hukumu ilitoka, na mihuri miwili: mtoto mmoja amekufa, mwingine amezaliwa Aprili elfu mbili na tatu. Tambwe na binti yake waliipeleka chuoni siku ileile, Alhamisi. Majina yalikuwa yatumwe Ubelgiji Ijumaa.

Bibiche, katibu wa mpango ule, alikuwa mama mpole. Aliweka hukumu upande mmoja wa meza na diploma upande mwingine, akasoma hii, akasoma ile, akarudia.

"Papa, nisamehe. Diploma hii ni ya mutu aliyezaliwa tisini na tisa. Na korti inasema ule alikufa. Basi aliyesoma njo marehemu."

"Anayesoma iko hapa," Tambwe alisema. "Mutazame."

"Miye namuona. Karatasi haimuoni. Kugeuza diploma ni Kinshasa, ni miezi, pengine mwaka. Kesho nitatuma jina la Cédric, mwenzake aliyechaguliwa naye, peke yake."

Exaucée alikusanya karatasi taratibu, akazilinganisha pembe kwa pembe. Asubuhi alikuwa mtu mwenye diploma na miaka mingi mno. Sasa alikuwa na miaka yake, bila diploma.

Walipofika nyumbani walikuta mikeka imetandikwa uani. Maneno ya kortini yalikuwa yamefika mtaani mbele yao, na wanawake wa jirani walikuja kuhani, kama ipasavyo msiba ukitangazwa, hata ukiwa wa miaka ishirini na mitatu. Emerance alikuwa ameketi chini katikati yao, kitambaa kimemwanguka kichwani. Hakumtazama mumewe.

"Exaucée eee!" alilia. "Exaucée mutoto yangu, nilikuacha Tunda!"

Wanawake wakaitikia. Exaucée alivua viatu, akakaa pembeni ya mkeka, karatasi zikiwa mapajani. Kila walipoliita lile jina, kichwa chake kilinyanyuka, kisha akakumbuka, akakiinamisha. Tambwe alisimama mlangoni. Nyuma yake, kwenye msumari, koti la kijivu lilining'inia bila vifungo.