Bunduki Niliyomchongea Ochieng

Tumemzika ndugu yangu Ochieng juzi juzi, na bado naona haya kwenda sokoni. Alikuwa askari. Majambazi walimpiga risasi huko kaskazini.

Kwetu Asembo, mwanamume akifa tunaswaga ng'ombe tukiwa na mikuki, tukifukuza kifo. Mimi nikaona mkuki hautoshi kwa askari. Nikaamua kumchongea bunduki yake, ingawa sikuwahi kuiona.

Nikaenda Kisumu, kwenye duka lenye mchezo wa vita wa televisheni. Nikamwuliza mwenye duka askari hubeba ipi.

"Hii fupi, Bwana. Hii ndiyo kali!"

Nikaitazama mpaka nikaikariri: kitako cha kukunja, mtutu kama umekatwa. Nikachonga, nikaipaka rangi ya viatu.

Siku ya mazishi nilitangulia ng'ombe wote, nimeiinua juu, napiga kelele, "Bunduki ya Ochieng hii!" Mama akaniomba aishike. Akaipakata kama mtoto. Nami nikajiona jemadari.

Ndipo askari mmoja, rafiki wa Ochieng kambini, akaja tulipokuwa.

"Mzee, hii umeitoa wapi?"

"Si ni yenu?"

"Yetu ni ndefu. Hii ni ya Warusi, waliifupisha ili madereva wa vifaru waweze kukaa nayo ndani."

Nikacheka, mjinga mimi. "Basi Ochieng hata hakuwahi kuiona hii!"

Akamtazama Mama, akainamisha kichwa.

"Aliiona. Aliyempiga ndiye alikuwa nayo."

Mama alikuwa bado ameipakata.